Maisha ya Daktari Wu Lien-teh, Tabibu wa Tauni

Kila lipitapo balaa la maradhi, watu hupenda kuuliza ni nani aliyevunja amri. Ni wachache waulizao amri yenyewe ilitungwa vipi, na kama aliyeitunga aliyafikiri macho, mikono, tumbo na hofu ya yule atakayeitii. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyeliuliza swali hili la pili, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, katika nchi ya baridi kali kaskazini ya China. Hakuwa mtu wa dini yetu wala wa bara letu, lakini khabari yake yatuhusu, na tutaeleza kwa nini.

Wu Lien-teh alizaliwa tarehe 10 Machi 1879 katika kisiwa cha Penang, ambacho leo ni sehemu ya Malaysia na zamani zile kilikuwa chini ya Waingereza. Penang ni bandari ya upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Mtu wa Mombasa akishuka huko hatakosa vitu vya kumkumbusha kwao: kisiwa, ngome, misikiti, maduka ya Wahindi, na lugha nyingi katika njia moja. Baba yake alikuwa sonara, mhamiaji kutoka kusini ya China. Mtoto alisomeshwa katika skuli ya Kiingereza, na mwaka 1896 akashinda nafasi ya kwenda kusoma Uingereza kwa gharama ya serikali. Alikuwa mtu wa kwanza wa asili ya Kichina kusoma utabibu katika chuo cha Cambridge. Akafanya kazi ya hospitali London, akajifunza maradhi ya nchi za joto Liverpool, kisha akaenda Paris na Halle kuisoma ilimu ya vijidudu.

Aliporudi kwao mwaka 1903 aliyaona mambo mawili yaliyomuudhi. La kwanza ni kuwa vyeo vya juu vya utabibu katika serikali ya Waingereza vilikuwa vya Wazungu, hata mwenyeji akiwa na shahada kuliko wao. La pili ni afyuni, iliyokuwa ikiuzwa kwa ruhusa ya serikali na kuila mali na akili ya watu wa kwao. Akasimama kuipiga vita. Haukupita muda, zahanati yake ikapekuliwa, ikaonekana dawa kidogo yenye afyuni ambayo hakuwa na kibali cha kuiweka, akashitakiwa na kutozwa faini. Mwenye kuipinga afyuni kuhukumiwa kwa afyuni ni jambo ambalo hatulihitajii maelezo. Mwaka 1908 akaenda China kuwa naibu wa mkuu wa chuo cha matabibu wa jeshi katika mji wa Tianjin. Alikwenda katika nchi ya wazee wake ilhali lugha ya serikali ya nchi hiyo alikuwa haijui vizuri.

Sasa tuingie katika khabari iliyompatia jina.

Katika mbuga za mpaka wa Manchuria na Urusi yupo mnyama aitwaye tarbagan, mwenye manyoya mazuri na anayekaa mashimoni. Wawindaji wenyeji walimjua tangu zamani, na walijua kuwa mnyama aendaye akipepesuka ni mgonjwa, hawamgusi. Bei ya ngozi ilipopanda kwa ajili ya biashara ya Ulaya, maelfu ya maskini kutoka kusini walimiminika kuwinda, nao hawakuwa na ujuzi ule. Usiku walilala katika nyumba za wageni za bei ndogo, miili imebanana, milango imefungwa kwa ajili ya baridi. Mwishoni mwa mwaka 1910 tauni ikazuka kati yao, nayo haikuwa ile ya mitoki inayoletwa na viroboto vya panya, iliyojulikana Bombay na katika bandari nyingi za bahari yetu. Hii iliingia katika mapafu. Mtu alitokwa na homa, akakohoa damu, na kwa siku chache akafa. Karibu kila aliyeshikwa hakupona. Ikapanda gari moshi pamoja na wafanyakazi waliokuwa wakirudi makwao kwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, ikashuka nao kila stesheni.

Harbin ulikuwa mji wa njia ya reli iliyokuwa mikononi mwa Warusi, na kando yake ulikuwapo mji wa Wachina uitwao Fujiadian, wenye watu elfu ishirini na zaidi. Urusi upande mmoja na Japani upande mwingine zilikuwa zikitazama. Kama China ingeshindwa kuyazuia maradhi katika ardhi yake, kila moja ingepata sababu ya kuingia kuyazuia kwa askari wake. Katika hatari hiyo ndipo alipotumwa Wu, mwenye umri wa miaka 31. Akafika tarehe 24 Desemba 1910, msaidizi wake ni mwanafunzi mmoja.

Siku tatu baadaye alimpasua maiti wa mwanamke wa Kijapani aliyekuwa na nyumba ya wageni. Alifanya hivyo kwa siri, kwani kupasua maiti kulikuwa ni jambo lililochukiza sana kwa watu wa huko, akaviona vijidudu vya tauni katika mapafu na viungo vingine. Tabibu mmoja wa Kijapani alikuwa tayari amewapasua panya wengi wa mji ule bila kuwapata na tauni. Wu akayaunganisha mambo haya mawili, akasema kuwa adui si panya: maradhi yatoka katika pumzi ya mtu na kuingia katika pumzi ya mtu. Ikiwa ni hivyo, basi kila mwenye kumkaribia mgonjwa na afunike pua na mdomo.

Tuseme kweli, wenzake wengi hawakumwamini. Aliyempinga zaidi alikuwa Daktari Mesny, Mfaransa, mwalimu wa utabibu huko Tianjin, mtu mzima mwenye uzoefu wa tauni. Alifika Harbin mwanzo wa Januari 1911 akitaka yeye ndiye apewe uongozi, akamtolea Wu maneno ya dharau. Wu hakubishana, alipeleka simu Peking kuomba ajiuzulu. Serikali ikakataa kumwachilia, ikamwondoa Mesny. Kabla ya kuondoka Mesny aliingia katika hospitali ya Warusi akawapima wagonjwa bila ya kufunika uso wake. Siku chache baadaye alishikwa na homa, na tarehe 11 Januari akafa. Hatuisimulii khabari hii kwa kumcheka maiti. Alikuwa mtu shujaa, aliyekuja mwenyewe mahali ambapo wengine walipakimbia. Ila ujuzi wake ulikuwa wa tauni nyingine, na mazoea ya zamani ni mepesi kuvaa kuliko jambo jipya.

Baada ya kifo hicho mji mzima ukataka barakoa. Na hapa twaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana kwa maoni yetu hapa ndipo ulipo ubora wa mtu huyu.

Kuwaambia watu wafunike nyuso ni rahisi. Lakini Wu alijiuliza ni nani atakayeifanya kazi hii, na kwa mikono ya namna gani. Ni mchukuzi wa maiti, asiyejua kusoma, aliyevaa nguo nzito za manyoya, vidole vimekufa ganzi kwa baridi iliyopita digrii 20 chini ya kiwango cha kugandisha maji, mwenye kuinama na kuinuka kutwa nzima. Barakoa za matabibu wa upasuaji zilikuwapo Ulaya, lakini zilikusudiwa mtu asimamaye mahali pamoja ndani ya chumba. Wu akachukua shashi ya kufungia vidonda, inayopatikana kila duka la dawa, akaikata vipande vya futi tatu, akaikunja na kutia ndani yake bapa la pamba. Kila mwisho akaupasua ncha tatu. Ncha za juu zafungwa nyuma ya kichwa zikipita juu ya masikio, za chini zafungwa chini ya masikio, na za katikati zapanda juu ya utosi ili kitu chote kisiteleze mtu akiinama. Haikuhitaji cherehani wala fundi, bei yake ilikuwa ndogo, na mtu aliweza kuonyeshwa mara moja akaijua.

Hata hivyo Wu mwenyewe alieleza katika kitabu cha maisha yake kuwa aliwaona watu njiani wameitundika sikioni, na wengine wameivaa shingoni mfano wa hirizi. Wasomaji wetu watacheka, na waone haya baada ya kucheka. Sisi sote tuliishi mwaka 2020, ilipoamriwa katika Kenya nzima kuvaa barakoa, nasi tuliziona zikining'inia videvuni pale sokoni, zikapandishwa askari akitokea na kushushwa akipita. Ajabu ni kuwa neno hilo barakoa ni letu la zamani katika pwani hii, jina la vazi la uso walilovaa wanawake. Walakini neno kuwa letu hakukutufanya tuelewe kilichokuwa ndani ya kitambaa. Mtu akidhani kwamba kitu kinalinda kwa kuwapo tu mwilini, amekwisha kukifanya hirizi.

Wataalamu wa siku hizi wana ilimu waiitayo egonomia, yaani kuzilinganisha kazi, vyombo na amri na maumbile ya mtu: nguvu zake, uchovu wake, usahaulifu wake na mazoea yake. Baada ya maradhi ya Korona wengi wameandika kuwa kinga nyingi hazikushindwa kwa ukaidi wa watu, zilishindwa kwa kuwa zilipangwa kama kwamba watu hawachoki, hawaoni njaa na hawana wazee nyumbani. Wu hakulijua jina la ilimu hiyo. Lakini tazameni alivyoupanga mji wa Fujiadian.

Aliugawa sehemu nne, na kila sehemu akaipa tabibu mkubwa na wasaidizi wake. Kila mkaazi alivaa mkononi alama ya rangi ya sehemu yake: nyeupe, nyekundu, manjano au buluu. Ndani ya sehemu yake alitembea bila ya kuulizwa, na akitaka kutoka alihitaji kibali. Askari asiyejua kusoma angetambua kwa mbali, bila ya kumkaribia mtu, kama yupo mahali pake. Na mkaazi hakufungiwa chumbani mchana kutwa hata akatafuta upenyo wa kutoroka. Aliachiwa soko lake na majirani zake.

Kwa wale waliokaa na wagonjwa lakini wenyewe bado wazima, kwanza walikuwa wakiwekwa pamoja katika majengo, na mmoja aliye na maradhi akawaua wengi. Ndiyo maana jamaa walificha wagonjwa wao, na usiku maiti walitupwa njiani ili isijulikane wametoka nyumba gani. Wengine huuita huo ukatili wa watu wajinga. Sisi twauita hesabu ya mtu mwenye hofu: akisema kweli atachukuliwa na watoto wake kwenda kufa pamoja na wageni, akinyamaza huenda akaokoka. Wu akaomba kwa Warusi mabehewa 120 ya reli, akatia majiko ya moto ndani yake, na kila behewa likachukua watu ishirini hivi. Walipimwa joto la mwili asubuhi na jioni. Aliyeonekana na homa akatengwa mara moja, na waliobaki wakiwa wazima waliruhusiwa kurudi makwao. Karantini yenye moto na yenye siku ya kutoka mtu aweza kuivumilia.

Nasi tusisahau yaliyotupata Mombasa. Mwezi wa Mei 2020 Mji wa Kale ulifungwa, watu wasitoke wala wasiingie, na ulifunguliwa mwezi wa Juni. Hatusemi kwamba kuufunga kulikuwa ni makosa. Sisi Waislamu ndio wa mwanzo kupasa kulielewa jambo hilo, kwani Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikwisha kuamrisha kuwa nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kuikimbia. Na Sayyidna Umar, alipokuwa njiani kwenda Sham, alirejea na watu wake baada ya kushauriana na Masahaba na kuipata khabari ya amri hiyo. Tunalolisema ni kuwa nyumba za Mji wa Kale zajulikana: ukoo mzima katika ghorofa moja, ngazi nyembamba, wengi wakila kwa kazi ya siku ile ile. Kumwambia mtu wa nyumba hiyo ajitenge chumbani peke yake ni kumwambia jambo asilonalo.

Wala sisi wenyewe hatukosi lawama. Misikiti ilipofunguliwa tena mwezi wa Julai mwaka ule, katika msikiti mmoja tunaosali liliwekwa pipa la maji na sabuni, na baadhi yetu tuliokuwa tukiandika nasaha za usafi ndio tuliochagua mahali. Tuliliweka pembeni, mbali na njia ya kuingilia, bomba lake liko chini karibu na ardhi, na la kufunguliwa kwa mkono. Wazee hawakuweza kuinama, wenye haraka walilipita, na walionawa walilishika bomba walilolishika wenzao. Tukasimama baada ya sala kuwagombeza watu. Kijana mmoja fundi wa vyuma, bila ya kusema neno, alitengeneza kikanyagio cha mguu, akaliinua pipa na kulileta mbele ya mlango. Tangu siku ile hatukuona haja ya kugombeza.

Turudi Harbin. Lilibaki jambo zito kuliko yote. Zaidi ya maiti elfu mbili, wengine katika majeneza na wengine bila, walikuwa wamelazwa juu ya theluji nje ya mji. Ardhi ilikuwa imeganda kama jiwe, jembe haliingii, na hakuna kaburi lililoweza kuchimbwa mpaka msimu wa joto. Wu aliona kuwa njia ni kuwachoma. Kwetu sisi jambo hilo haliruhusiwi, maiti wetu huzikwa. Na hata kwa Wachina wa wakati ule, wenye kuwaheshimu mno wazee wao waliokufa, lilikuwa ni jambo la kutisha. Hatulitaji ili lifuatwe. Twataja jinsi alivyoliendea. Hakuwasha moto usiku watu wamelala. Aliwachukua wakubwa wa mji na wafanya biashara mpaka mahali pale, wakajionea kwa macho yao safu za majeneza, kisha akawaomba waunge mkono maombi ya kumpelekea mfalme. Ruhusa ikaja, na moto ukawashwa tarehe 31 Januari 1911, siku ya pili ya mwaka mpya wao. Yeyote aliyekumbuka mazishi ya haraka ya usiku ya mwaka 2020 katika nchi yetu, na hasira yaliyoziacha katika nyoyo za waliofiwa, ataijua tofauti kati ya jambo zito lililoelezwa na jambo zito lililofichwa.

Tangu siku hizo idadi ya wanaokufa ikaanza kushuka, na katika Fujiadian mgonjwa wa mwisho alionekana tarehe 1 Machi. Katika Manchuria yote walikuwa wamekufa watu wapatao 60,000.

Lakini hatutaki kumfanya Wu kuwa mtu asiyekosea. Katika watu karibu 3,000 waliofanya kazi chini ya mpango wake, karibu 300 walikufa, na wengi wao hawakuwa matabibu, walikuwa wachukuzi, askari na wapishi. Barakoa ile ile iliyomlinda tabibu aliyejua sababu yake haikumlinda vya kutosha mtu aliyepewa kazi nzito, ndefu, na mafunzo mafupi. Yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo. Aliwahesabu na kuwaandika.

Mwezi wa Aprili 1911 ulifanywa mkutano wa mataifa 11 mjini Mukden kuzungumza juu ya tauni hiyo, naye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, mbele ya wataalamu waliomzidi umri na sifa. Hata leo wengi huihesabu shashi yake kuwa mmoja wa wazee wa barakoa za kuchuja hewa zitumiwazo mahospitalini. Mwaka 1912 akaanzisha idara ya kuzuia tauni kaskazini ya Manchuria, yenye hospitali zake njiani mwa reli. Tauni iliporudi mwaka 1920 na 1921 ilikuta vyumba, majiko na watu waliozoea kazi, na waliokufa mara hiyo walikuwa kiasi cha 9,300. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa jumuiya ya matabibu wa China mwaka 1915, akaandika kitabu kikubwa juu ya tauni ya mapafu mwaka 1926, na kuanzia mwaka 1930 akasimamia karantini za bandari za China, kazi iliyokuwa hapo kabla mikononi mwa wageni. Mwaka 1935 jina lake lilipendekezwa kwa tuzo ya Nobel, hakuipata.

Wajapani walipoivamia Manchuria mwaka 1931 walimkamata wakimdhania kuwa ni mpelelezi, kisha wakamwachilia. Vita vilipoingia Shanghai mwaka 1937 aliondoka China na kurejea Malaya. Mtu aliyewahi kuongoza mkutano wa mataifa 11 alifungua zahanati katika mji wa Ipoh, akawatibu watu wa kawaida mpaka karibu na umri wa miaka 80. Wakati wa utawala wa Wajapani alitekwa na wapiganaji wa msituni wakitaka fedha, akatoka salama. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 1959. Akarudi Penang, kisiwa alichozaliwa, na huko akafa tarehe 21 Januari 1960.